Jinsi ya Kutembelea Kyoto na Nara Bila Kukuta Milango Imefungwa: Mwongozo Kamili

Malalamiko ya wanaorudi kutoka Kyoto yanafanana mno. Mmoja alifika lango la jumba la kifalme la Katsura akaulizwa kibali, hana. Mwingine alifika hekaluni saa 11 kasorobo jioni, akakuta tiketi zimeshaacha kukatwa. Wa tatu alimaliza mchana mzima amesimama ndani ya basi, akaona sehemu mbili kati ya saba alizopanga. Nauli ya kwenda Japani tunaijua wote, na viza ndiyo hiyo unaipigia hodi ubalozini. Haifai safari nzima iishie kwenye kibao cha "tumefunga".

Historia ndefu siileti hapa. Itoshe kwamba Nara ilikuwa makao makuu ya Japani kuanzia mwaka 710 hadi 784, na Kyoto ikashika nafasi hiyo kuanzia 794 hadi karne ya 19. Ndiyo maana ukanda mmoja mdogo umebeba mrundo wa mahekalu, makasri na bustani usioweza kuumaliza kwa safari moja. Usijaribu kuumaliza. Kosa kubwa la wageni ni kuhesabu idadi ya mahekalu badala ya kupanga mpangilio wake.

Angalizo kabla hatujaanza: saa zote humu ni saa zetu za Kiswahili. Kibao cha Kijapani kikiandika 17:00, hiyo ni saa 11 jioni.

## Vitu vya kuandaa

- Pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu. Kwenye majumba ya kifalme wanaikagua.
- Yeni taslimu, na chenji ya sarafu. Mahekalu mengi bado hayapokei kadi. Sarafu za yeni 100 utazihitaji kila saa, na ya yeni 5 ndiyo wenyeji hupenda kuitumbukiza kwenye sanduku la sadaka.
- Kadi ya usafiri kama ICOCA. Unaijaza pesa, unaigusisha kwenye geti la treni au mashine ya basi, basi.
- Viatu vya kuvua bila kamba, na soksi nzima. Utavua viatu mara nyingi kwa siku, na sakafu za mbao wakati wa baridi ni barafu tupu.
- Intaneti kwenye simu, kwa ajili ya ramani na barua pepe za vibali.
- Daftari la goshuin, kama utapenda kukusanya mihuri ya mahekalu. Unaweza kulinunua hekalu la kwanza utakaloingia.

## Hatua ya 1: Anza na milango inayotaka kibali

Kabla ya hoteli, kabla hata ya kuchagua siku ya Nara, amua kama unataka kuona sehemu zinazoingiwa kwa maombi. Siku yoyote nyingine itazizunguka hizi.

Majumba matatu yako chini ya Idara ya Nyumba ya Kifalme: Katsura, Shugakuin na Sento. Maombi hufanyika kwenye tovuti yao, na dirisha hufunguliwa kama miezi mitatu kabla. Miezi ya maua ya micheri (sakura) na ya majani mekundu, nafasi hukatika upesi sana. Angalia pia masharti ya umri ikiwa unasafiri na watoto, maana si kila jumba linawapokea.

Ukikosa nafasi ya mtandaoni, usikate tamaa: zipo nafasi chache za siku hiyohiyo zinazogawiwa palepale langoni. Fika mapema, na pasipoti mkononi.

Ukiwa na nafasi moja tu, chagua Katsura. Lilijengwa na ukoo wa kifalme wa Hachijo katika karne ya 17, na wasanifu majengo wa dunia nzima wanalitaja hadi leo. Unatembezwa kwa kikundi, mbele kiongozi, nyuma mlinzi anayehakikisha hakuna anayebaki. Njia ni ya mawe yaliyopangwa kwa makusudi: pale yalipo madogo na ya kuyumba unalazimika kuangalia miguu, na pale jiwe linapopanuka unasimama, unainua macho, na bwawa lote liko mbele yako. Wewe unadhani umeinua macho kwa hiari yako.

Tahadhari. Katika bustani za Kyoto utaona jiwe dogo, kama ngumi hivi, limefungwa kamba nyeusi kwa msalaba na kuwekwa katikati ya njia. Hilo ndilo geti lao. Maana yake njia hii imefungwa. Usiliruke na usilisogeze ili upige picha.

Mlango wa nne ni Saiho-ji, hekalu la kuvumwani (moss), ambalo bustani yake imefunikwa na zaidi ya aina mia moja za mimea hiyo midogo ya kijani. Tangu mwaka 1977 hakuna kuingia bila kuweka nafasi. Zamani ilikuwa lazima upeleke kadi ya posta. Sasa unaweza kuomba kwa mtandao. Kiingilio ni cha juu kuliko mahekalu mengine, na kwa kawaida ziara huanza kwa kunakili maandiko ya Kibudha kwa brashi. Msomaji ambaye dini yake haimruhusu kufanya hivyo alijue hili kabla hajalipa. Asione haya kuliacha na kwenda kwingine.

Kasri Kuu la Kifalme (Kyoto Gosho) halihitaji maombi. Tangu 2016 unaingia bure. Limefungwa Jumatatu, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Umefanikiwa ikiwa: una barua pepe ya kibali yenye tarehe, saa na jina lililoandikwa sawasawa na la kwenye pasipoti.

## Hatua ya 2: Gawa jiji kwa pande, siku moja upande mmoja

Kyoto imezungukwa na milima pande tatu: mashariki, kaskazini na magharibi. Barabara za katikati zimenyooka kwa mistari ya miraba, kwa mfano wa Chang'an, mji mkuu wa China ya enzi hizo. Mahekalu mengi makubwa yako pembeni, chini ya milima, kwa hiyo kuvuka jiji kutoka upande mmoja hadi mwingine ndiko kunakomeza siku.

Gawa hivi:

- Mashariki: Kiyomizu-dera, Sanjusangen-do, Gion, na juu kaskazini Ginkaku-ji.
- Kaskazini-magharibi: Kinkaku-ji, Ryoan-ji na Ninna-ji, ambavyo viko kwenye barabara moja.
- Magharibi: Arashiyama na Tenryu-ji. Katsura na Saiho-ji ziko upande huuhuu, kwa hiyo kibali chako kikiangukia siku fulani, siku hiyo ndiyo ya magharibi.
- Kusini: To-ji, Tofuku-ji, Fushimi Inari na Uji.
- Katikati: ngome ya Nijo na Gosho. Hizi ni za siku ya mvua au ya uchovu.

Mtu wa kawaida anamudu sehemu tatu kwa siku, nne akikaza. Anayekwambia aliona nane aliona mageti nane.

Ukipewa anwani ya mgahawa ikakutisha kwa urefu, tafuta maneno haya: *agaru* ni kwenda kaskazini ya makutano yaliyotajwa, *sagaru* ni kusini, *higashi-iru* mashariki, *nishi-iru* magharibi. Ukishayajua hayo manne, mtaa wowote wa katikati utaupata hata simu ikizima.

Umefanikiwa ikiwa: kwenye ramani yako hakuna mstari wa siku moja unaovuka mto Kamo zaidi ya mara mbili.

## Hatua ya 3: Treni kwanza, basi mwisho

Basi za jiji zinafika karibu kila hekalu, na ndiyo sababu zinajaa. Tumia treni ya chini ya ardhi (njia ya Karasuma inakwenda kaskazini na kusini, Tozai mashariki na magharibi), au treni za kampuni za JR, Keihan au Hankyu, hadi kituo cha karibu, kisha tembea au panda basi kwa vituo viwili vitatu tu.

Kwenye basi za jiji unapanda kwa mlango wa nyuma, unashuka kwa wa mbele, na nauli unalipa wakati wa kushuka. Mabegi makubwa usiyapandishe. Yaache kwenye makabati ya stesheni au hotelini.

Tiketi ya basi peke yake ya siku nzima, inayosifiwa na miongozo ya zamani, haiuzwi tena. Iliyopo ni ya basi pamoja na treni ya chini ya ardhi, na inalipa tu ukiwa na mizunguko mingi.

## Hatua ya 4: Toka kabla ya jua kuwa kali

Mahekalu mengi hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, na tiketi ya mwisho mara nyingi ni saa 10 na nusu. Wakati wa baridi mengine hufunga mapema zaidi. Lakini Kiyomizu-dera hufunguliwa saa 12 alfajiri, na Fushimi Inari haifungwi kabisa wala haina kiingilio. Hizi mbili ndizo zenye msongamano wa kutisha mchana, na ndizo zinazokupa nafasi ya kuuepuka. Tumia nafasi hiyo.

Fushimi Inari ni maelfu ya malango mekundu yaliyopangwa mfululizo kupanda mlima wa mita 233. Kila lango limetolewa na mtu au kampuni, na jina la mtoaji limechorwa upande wa nyuma. Ukitaka kuyaona majina, geuka wakati wa kupanda. Watu wengi huishia robo ya njia. Wewe endelea hadi makutano ya Yotsutsuji, ambako jiji linaonekana lote chini.

Tahadhari. Kutoka stesheni ya Kyoto, panda treni ya kawaida ya JR Nara Line, ushuke Inari, kituo cha pili. Ile treni ya haraka iitwayo Miyakoji haisimami Inari. Kila siku kuna wageni wanaoyaona malango mekundu yakipita dirishani.

Umefanikiwa ikiwa: saa 3 asubuhi, umati unapoanza kupanda, wewe unashuka kwenda kunywa chai.

## Hatua ya 5: Jua umeingia kwa nani

Jina likiishia *-ji*, *-dera* au *-in*, mara nyingi hilo ni hekalu la Kibudha. Likiwa *jinja*, *jingu* au *taisha*, na mbele kuna lango la *torii*, hapo ni kwa Washinto, wafuasi wa dini ya asili ya Japani. Adabu zake hazifanani, na kosa la kawaida ni kupiga makofi mbele ya Budha.

Kwenye jinja, wenyeji huinama kidogo kabla ya kupita torii, na hupita pembeni, maana katikati ni njia ya mungu. Kisha kuna birika la maji lenye kata. Chota mara moja tu: osha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, mimina maji kwenye kiganja cha kushoto usukutue, halafu simamisha kata ili maji yaliyobaki yateremke kuosha mpini. Usiguse kata kwa mdomo. Mbele ya sanduku la sadaka: kuinama mara mbili, makofi mawili, kuinama mara moja.

Kwenye hekalu la Kibudha hakuna makofi. Viganja huunganishwa kimya. Kizingiti cha lango ruka, usikikanyage.

Hakuna anayekulazimisha kufanya ibada isiyo yako. Mwislamu au Mkristo akisimama pembeni kwa utulivu, kofia mkononi, hakuna atakayemkodolea macho. Kinachowaudhi ni kelele, na picha mahali palipoandikwa marufuku.

## Hatua ya 6: Tazama kwa mpangilio, si kwa kamera

Hapa ndipo watu hupoteza utamu wenyewe. Wanafika, wanapiga picha, wanaondoka, kisha wanasema "mahekalu yote sawa". Chukua manne yafuatayo polepole.

Sanjusangen-do. Ukumbi wa mbao wa mwaka 1266, urefu wa kama mita 120, umejaa sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha: moja kubwa imekaa katikati, elfu moja zimesimama kwa safu. Picha haziruhusiwi, na ni afadhali. Tembea hadi mwisho wa ukumbi, kisha rudi ukiangalia nyuso. Baada ya muda utaanza kuona kwamba hazifanani. Wenyeji husema ukitafuta vizuri utaona sura ya mtu uliyempoteza.

Ngome ya Nijo. Ilijengwa mwaka 1603 na Tokugawa Ieyasu, na ndani yake, mwaka 1867, shogun (mtawala wa kijeshi) wa mwisho alitangaza kurudisha madaraka kwa Mfalme Mkuu. Vua viatu, ingia jumba la Ninomaru, tembea polepole. Sakafu italia kama ndege. Wengi husimulia kwamba ilitengenezwa ili kumfichua adui wa usiku. Sauti yenyewe inatoka kwenye vyuma na misumari ya chini ya mbao, inayosuguana kila unapokanyaga. Jaribu kutembea kwa ncha za vidole uone kama utainyamazisha. Hakiki kalenda yao kabla ya kwenda siku ya Jumanne, kwani miezi mingine Ninomaru hufungwa siku hiyo.

Ryoan-ji. Kiwanja cha changarawe nyeupe na mawe 15. Kaa chini barazani, hesabu. Popote utakapokaa, moja litajificha. Ukisimama dakika mbili kisha ukaondoka, utakuwa umelipa kiingilio cha kuona kokoto.

Byodo-in, Uji. Toa mfukoni sarafu ya yeni 10, inyanyue usawa wa macho, linganisha. Jumba lililo kwenye sarafu ndilo hilo lililo ng'ambo ya bwawa, na limesimama tangu mwaka 1053. Kuingia ndani kunahitaji tiketi ya pili, ya saa maalumu. Ikate mara tu ufikapo.

Kinkaku-ji, lile la dhahabu, utalipita kwa nusu saa na huingii ndani. Usishangae ukiambiwa jengo ni la mwaka 1955. La awali lilichomwa na mtawa kijana mwaka 1950. Kyoto ni mji wa mbao, umeungua mara nyingi; vita vya Onin vya 1467 hadi 1477 peke yake viliteketeza sehemu kubwa. Ukumbi mkuu wa Kiyomizu-dera ni wa 1633, na mnara wa To-ji, wenye kama mita 55, ni wa 1644. Kujenga upya vilevile, kwa mikono ya mafundi wa kurithishana, wao wanakuhesabu kuwa urithi. Ginkaku-ji nalo, "banda la fedha", halikuwahi kupakwa fedha. Usilitafute lile ng'aavu. Nenda kwa ajili ya bustani.

## Hatua ya 7: Omba goshuin kwa utaratibu

Goshuin ni muhuri mwekundu wa hekalu pamoja na maandishi ya wino mweusi, ushahidi kwamba ulifika kuzuru. Ada kwa kawaida ni yeni 300 hadi 500, taslimu.

1. Zuru kwanza, muhuri baadaye. Kuupangia foleni kabla ya kuingia ni kama kudai risiti kabla ya kununua.
2. Fungua daftari kwenye ukurasa mtupu unaotaka, kabisa, kabla ya kulikabidhi.
3. Kaa kimya mwandishi anapoandika. Ataichovya brashi, ataandika jina kwa mikunjo michache bila kuinua sana mkono, atagonga muhuri, kisha ataweka karatasi ya kunyonya wino juu yake.
4. Usiitoe karatasi hiyo kabla wino haujakauka.

Tahadhari. Dirisha la goshuin huweza kufungwa kabla ya lango. Na usichanganye mihuri ya stesheni za treni au ya maduka katika daftari hilohilo. Wapo waandishi wanaokataa kuliandika.

Siku zenye watu wengi utapewa karatasi iliyoandikwa tayari. Ipokee, ubandike mwenyewe.

## Hatua ya 8: Gion bila kuadhibiwa

Vichochoro vya binafsi vya Gion vimefungiwa watalii tangu 2024, na vibao vinataja faini ya yeni 10,000. Barabara kuu ya Hanamikoji iko wazi. Ukikutana na geiko (ndiye geisha, msanii wa ngoma na muziki) au maiko (mwanafunzi wake), yuko njiani kwenda kazini: mpishe, usimzibe, usimguse kimono. Anayetaka kuwaona wakicheza akate tiketi ya onyesho.

Kuhusu chakula, kwa anayejali halali: supu na michuzi mingi hubeba mirin, ambayo ni kileo, na vyakula vinavyoonekana ni vya mboga mara nyingi vimechemshiwa samaki. Hata *shojin ryori*, chakula cha watawa kisicho na nyama, kiulizie mirin. Jijini upo msikiti, na watu wa pale wanajua migahawa kuliko programu yoyote ya simu.

## Hatua ya 9: Siku ya Nara

Kwa Nara panda treni ya kampuni ya Kintetsu, ushuke Kintetsu Nara. Iko karibu na hifadhi kuliko stesheni ya JR.

Nenda moja kwa moja Todai-ji. Budha wa shaba ana kimo cha kama mita 15. Macho yake yalichorwa katika sherehe ya mwaka 752, na aliyeshika brashi alikuwa mtawa kutoka India, Bodhisena. Ukumbi wa sasa ni wa 1709 na ni mwembamba kuliko wa kwanza kwa theluthi moja, jambo ambalo hutaliamini ukiwa ndani yake.

Swala wa Nara hutazamwa kama wajumbe wa miungu ya Kasuga Taisha, na wanalindwa kisheria. Biskuti zao zinauzwa njiani. Gawa haraka, onyesha mikono mitupu ukimaliza, ficha ramani na tiketi, kwa sababu karatasi wanaila. Majira ya vuli madume huwa wakali; watoto wadogo washike mkono.

Ukiamka mapema, anza na Horyu-ji, nje kidogo ya Nara, ambako kuna majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyobaki duniani. Wageni wengi huiacha kwa sababu ya umbali, na mimi ningeiacha Kinkaku-ji kabla ya kuiacha hii. Panda JR Yamatoji Line kutoka JR Nara hadi kituo cha Horyuji, kisha utembee kama dakika 20 au upande basi dogo la pale. Kurudi, kumbuka utakuwa unafikia JR Nara, si Kintetsu, kwa hiyo ukikata tiketi ya kwenda na kurudi ya Kintetsu asubuhi, hesabu mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka stesheni moja hadi nyingine.